Tangazo halitoki, picha inaganda kwenye breki, sauti inapaa: wapi pa kuanza kutafuta tatizo kwenye strimu ya laivu

Hii ni kwa wale wanaosimamia chaneli za laivu mtandaoni, yaani mnachukua mkondo wa TV, mnaupitisha kwenye enkoda (mtambo unaobana picha na sauti), unaenda kwenye seva ya kuchomeka matangazo, halafu kila mtazamaji anapewa tangazo lake kulingana na alipo na kifaa anachotumia. Kuna uchomekaji unaofanyika kwenye seva na kuna unaofanyika ndani ya pleya yenyewe, hapa naongelea ule wa kwenye seva maana ndo unatumika sana kwenye laivu na ndo unaotuamsha usiku. HLS na DASH ndo njia mbili za kurusha video mtandaoni vipande vipande; mifano mingi ni ya HLS, DASH nitaigusa pale inapotofautiana tu.

Kabla hujafungua logi yoyote jiulize kitu kimoja: tatizo linatokea sehemu gani ya breki? Breki haikuanza kabisa? Imeanza ila ikaganda palepale mwanzoni? Katikati, tangazo moja likiisha na lingine likianza? Wakati wa kurudi kwenye kipindi? Au kwenye skrini kila kitu kiko poa ila hesabu za matangazo hazitimii? Jibu la hapo linakuonyesha uanzie wapi, kwasababu kila sehemu ya breki inashikwa na mtambo tofauti. Naona watu wengi wanakimbilia pleya, wanabadilisha matoleo, wanawasumbua madeveloper wa app wiki nzima, kumbe ishara haikutoka studio tangu mwanzo. Mtazamaji kule nyumbani haijui seva wala enkoda, yeye anaona chaneli yenu imekwama, na akifunga ameshafunga, kwa hiyo hii kazi tuichukulie serious.

Mnyororo wenyewe kwa ufupi ni huu. Mtambo wa kurushia pale studio unatoa amri kwamba breki inaanza, amri hiyo inasafiri ndani ya SDI (waya wa picha wa studio) kwa SCTE 104 (ishara za breki za huko studio), enkoda inaigeuza kuwa SCTE 35 (ishara ya breki inayosafiri na mkondo) ndani ya MPEG-TS (au TS tu, namna ya kufungasha picha na sauti), pakeja (inayokata mkondo kuwa vipande vidogo, segmenti) inaiandika kwenye manifesti (orodha ya segmenti, kwenye HLS inaitwa pleilisti), seva ya kuchomeka inaisoma, inauliza seva ya maamuzi ya matangazo "nimpe huyu mtu nini", inajibiwa kwa VAST (faili linalosema tangazo liko wapi), inabadilisha segmenti za kipindi kwa segmenti za tangazo kwenye manifesti ya mtu huyo, CDN (seva za usambazaji) inasambaza, pleya inacheza, bikoni (ujumbe kwamba tangazo limeonekana) zinarudi kuhesabu. Fuata mnyororo kutoka juu kwenda chini, usirukeruke.

Breki inapita na watu wote wanaona matangazo yaleyale ya TV

Hapa seva ya kuchomeka haijajua kama kulikuwa na breki. Usiiguse kwanza. Nenda kwenye mkondo unaotoka kwenye enkoda uangalie kama ishara ipo. TSDuck, programu ya kuchunguza mkondo wa TS, ni ya bure na ina plagini inaitwa splicemonitor, inakuonyesha kila ishara inavyopita na muda wake. Kwenye PMT (orodha ya mikondo iliyomo) unatakiwa uone PID (namba ya mkondo mmoja) yenye aina ya mkondo 0x86 na utambulisho wa CUEI. PID hiyo ikikosekana basi ama enkoda haijawekwa ipitishe SCTE 35, ama kuna kifaa katikati kimeitupa. Mtuhumiwa wa mara kwa mara ni ffmpeg, programu ya kubadilisha video, iliyowekwa katikati kwa ajili ya kubadilisha tu njia ya kusafirisha mkondo. Usipoielekeza, ffmpeg inachagua picha moja na sauti moja, mikondo ya data inaachwa, na haikupi onyo la kukushtua. Picha inaenda vizuri, sauti ipo, kila mtu ana furaha mpaka saa ya breki.

PID ikiwepo lakini ndani unaona amri ya 0x00 tu, hiyo ni mapigo ya moyo ya mtambo, inasema nipo hai basi, haina breki ndani yake. Maana yake enkoda ni mzima, tatizo liko kwenye mtambo wa studio au kwenye ratiba ambayo haikuwekewa alama ya breki. Hapo piga simu studio, usiendelee kuhangaika na mitambo yako.

Ukiona ishara za kweli sasa angalia ni za aina gani. Kuna splice_insert, yaani amri 0x05, hiyo ni ya moja kwa moja, inasema toka hapa kwa muda fulani. Na kuna time_signal, amri 0x06, ambayo peke yake inasema wakati tu, maana yote inabebwa na kielezo kinachofuatana nayo. Ndani ya hicho kielezo kuna namba ya aina: 0x30 ni tangazo la mwenye chaneli linaanza, 0x34 ni nafasi ya matangazo ya mwenye chaneli, 0x36 ni nafasi ya msambazaji, na kila moja ina mwisho wake, 0x31, 0x35, 0x37. Sasa unakuta chaneli inatuma 0x36 na seva yako imewekwa isikilize 0x34 peke yake, inaipuuza kimya kimya, na wewe unaapa kwamba ishara ipo kwasababu umeiona kwa macho yako. Hii inatokea sana mkichukua chaneli ya watu wengine. Ombeni mapema orodha ya aina wanazotuma, kwa maandishi, na rekodi ya breki kadhaa kabla ya kusaini chochote.

Kama ishara iko sawa kwenye TS, shuka kwenye manifesti. Fungua pleilisti ya pakeja, sio ya mtazamaji, utafute alama. Wengine wanaandika EXT-X-CUE-OUT na EXT-X-CUE-IN, ambazo kila mtu anazitumia ila hazimo kabisa kwenye RFC 8216 ya Agosti 2017, yaani hati ya HLS. Iliyomo ni EXT-X-DATERANGE yenye SCTE35-OUT na SCTE35-IN. Seva nyingine zinasoma hii, nyingine ile, nyingine zote mbili, kwa hiyo linganisha pakeja inaandika nini na seva inategemea nini. Pale ambapo ishara imebebwa nzima kwa base64 (data iliyoandikwa kama herufi), kawaida inaanza na /DA, ukiona hivo ujue imefika salama mpaka hapo. Kwenye DASH unatafuta EventStream yenye urn:scte:scte35 ndani ya Period.

Kuna hitilafu moja ya muda nataka nikae nayo kidogo kwasababu inapoteza watu kabisa. Saa ya MPEG inahesabu kwa kHz 90 kwa biti 33, kwa hiyo inajaa na kurudi sifuri kila baada ya masaa 26 na nusu hivi. Kama kifaa fulani kwenye mnyororo hakijui kushughulikia huo mzunguko, breki moja karibu na mzunguko inapotea au inatokea mahali pa ajabu, halafu siku nzima iko sawa. Dalili yake ni kwamba kosa linasogea: leo saa mbili usiku, kesho saa nne na nusu usiku, kesho kutwa inaangukia usiku wa manane hakuna anayeona, mnasema imepona yenyewe, halafu inarudi. Ukiona tatizo linachelewa masaa mawili na nusu kila siku usitafute kitu kingine. Ndugu yake ni pts_adjustment: kifaa kinapanga upya muda wa picha na sauti lakini kinasahau kusahihisha muda ulioko kwenye ishara, basi ishara inafika ikisema breki ilikuwa zamani, na seva inaitupa.

Mwisho kwa sehemu hii, ishara inatakiwa ifike mapema. Kiwango cha chini kinachopendekezwa ni sekunde 4 kabla ya breki, ila kwa uchomekaji wa mtandaoni mi naona 4 hazitoshi, omba 8 au zaidi, seva inatakiwa ipate muda wa kuuliza matangazo. Mtangazaji anayebonyeza kitufe cha breki papo hapo kwenye mpira anatoa sifuri, hapo tangazo la kwanza linakosa nafasi hata mfanye nini.

Breki imeanza vizuri ila inaonekana sleti au picha nyeusi

Hii ni habari njema kidogo, maana ishara inafanya kazi. Seva imejua breki ipo ila haina cha kuweka, inaweka sleti, yaani picha ya kujazia nafasi.

Kwanza fanya hesabu za kawaida. Breki ni sekunde 120, seva ya maamuzi imeleta matangazo ya 30, 30 na 15, jumla 75, hizo 45 zilizobaki zitajazwa sleti. Sio hitilafu, ni mauzo hayajatosha. Unaweza kuchagua matangazo ya TV yaliyokuwa chini yaendelee kuonekana, au uweke promo za vipindi vyenu, chochote ila usimwache mtu anaangalia "tutarudi punde" kwa robo tatu ya dakika, ni kumfukuza.

Kama hakuna tangazo hata moja, chukua URL ya VAST uiite mwenyewe kwa curl (amri ya kuita URL), lakini weka IP na utambulisho wa kifaa wa mtazamaji halisi, sio wa seva yako. Ukiita kutoka kwenye seva iliyoko Ulaya utaletewa matangazo ya Ulaya au utaletewa VAST tupu, na utahitimisha vibaya. Kisha soma kodi za makosa kwenye logi, ziko wazi kuliko watu wanavyodhani: 301 ni kwamba muda uliisha ikisubiri VAST nyingine, 302 ni kwamba safari za kuelekezana zimezidi kikomo, 303 ni kwamba mwisho wa safari hakukuwa na kitu, 401 faili halipo, 403 hakuna faili ambalo linakubalika. 301 na 303 zikiwa nyingi unajua kuna madalali wengi katikati, VAST moja inakuelekeza kwa mwingine naye kwa mwingine, na kila hatua inakula milisekunde. VAST 3.0 ilipendekeza zisizidi 5. Kwa laivu, ushauri wangu ni 2 au 3, na ukiweza kuuza moja kwa moja bila dalali hata mmoja ndo raha zaidi.

Sasa hii inayofuata imegombanisha watu wengi na wateja wao. Tangazo jipya linapokuja mara ya kwanza, seva inatakiwa ilitranskodi (ilitengeneze upya) lifanane na kipindi chenu, ngazi zote za ubora, na hiyo haiwezi kuisha ndani ya sekunde nane. AWS Elemental MediaTailor kwa mfano inaliruka tangazo hilo, inalitranskodi pembeni, na breki zinazofuata linakuwa tayari. Kwa hiyo mteja anakaa na bosi wake kuangalia tangazo lao jipya kwenye breki ya kwanza na halitokei. Dawa ni kulipasha moto: cheza strimu ya majaribio masaa kadhaa kabla, au peleka faili mapema kama mfumo wenu unaruhusu. Na uangalie sana kama URL ya faili la tangazo inabadilika kila ombi, labda ina tokeni au saa ndani yake. Seva ikitambua matangazo kwa URL basi kila mara inaona ni tangazo jipya, inatranskodi upya, inaliruka, inatranskodi tena, milele. Tangazo halionekani hata siku moja na bili ya kutranskodi inapanda. Hapo tumieni UniversalAdId (utambulisho wa kudumu wa tangazo) kama mfumo unaisoma, au mwambieni mwenye tangazo aondoe hiyo tokeni.

Halafu kuna suala la wingi. Mechi ya Simba na Yanga ikifika mapumziko, watazamaji wote wanaingia breki sekunde ileile, seva ya maamuzi inapigwa na maombi yote kwa mpigo mmoja, inachelewa, muda unaisha, watu wanapata sleti. Siku za kawaida huoni hili kabisa. Ukiona matangazo yanajaa vizuri breki za taarifa ya habari na yanakosekana breki za mpira tu, usilaumu mteja, ni msongamano. Omba matangazo mapema dakika kadhaa kabla ya mapumziko, na uyatawanye maombi ili yasitoke yote kwa pamoja, mifumo mingi sasa ina uwezo huo wa kuchukua kabla.

Picha inaganda, inarukaruka au pleya inaanza upya mpakani

Hii ndo sehemu nene, hapa andaa chai.

Anza na EXT-X-DISCONTINUITY, alama inayosema muda unakatika hapa. Lazima iwepo kila mahali kipindi kinapokutana na tangazo, tangazo na tangazo, na tangazo na kipindi. Ikikosekana moja tu pleya inadhani muda unaendelea, inakuta saa za segmenti zimeruka, pleya za simu nyingi zinavumilia, za runinga zinaganda. Sasa dalili ya hila zaidi: waliofungua strimu mapema wako poa ila waliojiunga baada ya breki wanaganda au wanapata sauti bila picha. Hapo karibu kila mara ni EXT-X-DISCONTINUITY-SEQUENCE. Alama ya kukatika inapotoka kwenye dirisha la pleilisti, hiyo namba inatakiwa iongezeke kwa moja. Seva isipoiongeza, au ikiiongeza kwenye ngazi moja ya ubora na kuisahau nyingine, pleya inapobadilisha ubora inakosea kupanga muda. Hifadhi pleilisti ya kila ngazi kila sekunde 2 kwa muda wote wa breki halafu zilinganishe, utaliona kwa macho.

Baada ya hapo, urefu wa segmenti. EXT-X-TARGETDURATION, kikomo cha urefu, ikisema 4, hakuna segmenti ambayo muda wake ukikadiriwa kwa namba nzima unaruhusiwa kuzidi 4. Tangazo likitranskodiwa kwa segmenti za sekunde 6 na kipindi ni za 4, umevunja kanuni na pleya za Apple hazina huruma.

Kisha fremu. Huku kwetu TV inaenda kwa fremu 25 au 50 kwa sekunde, tangu zamani za PAL mpaka DVB-T2 ya sasa. Wakala wa matangazo anakuletea faili lililotengenezwa kwa ajili ya mitandao, fremu 30 au 29.97, sauti Hz 44,100, wakati mwingine mono. Seva ikilipitisha hivohivo bila kulitranskodi, dekoda ya runinga inatakiwa ijipange upya katikati ya mwendo na nyingi za bei nafuu haziwezi, picha inakuwa nyeusi sekunde mbili au app inajifunga. Tangazo lote linatakiwa lifanane na kipindi: fremu ileile, sauti Hz 48,000 stereo, kodeki ileile, profaili ileile, na idadi ya ngazi za ubora ileile. Kama kipindi kina ngazi tano na tangazo lina tatu, wale wa ngazi ya chini kabisa, wenye intaneti dhaifu, wanapewa tangazo zito kuliko kipindi walichokuwa wanaangalia, inabafa breki nzima. Hao ndo watazamaji wetu wengi jamani, wa bando la siku, na hao ndo tunaowasahau.

Kuhusu sauti na picha kupishana kidogo kidogo baada ya kila breki: fremu moja ya sauti ya AAC ni sampuli 1024, kwa Hz 48,000 ni milisekunde 21.33, na fremu moja ya picha kwa 25 ni milisekunde 40. Haziangukii pamoja isipokuwa kila sekunde 0.32, yaani fremu 8 za picha na 15 za sauti. Ndo maana BBC wanatumia segmenti za sekunde 3.84, mara kumi na mbili ya hiyo, inaonekana namba ya ajabu lakini inaisha sawasawa pande zote. Segmenti za sekunde 6 hazigawanyiki, kunabaki kipande cha sauti, na seva isipokirekebisha kwenye mipaka ya breki mwishoni mwa siku midomo haifuati maneno.

Kwenye fMP4 (segmenti za MP4 badala ya TS) hakikisha baada ya kila mpaka kuna EXT-X-MAP (inayoelekeza faili la utangulizi) ya upande huo, na usichanganye matangazo ya TS na kipindi cha fMP4, kuna pleya zinamudu ila runinga nyingi hazimudu. Na kama kipindi kimefungwa kwa DRM (kufuli ya haki za maudhui) na tangazo liko wazi, lazima EXT-X-KEY:METHOD=NONE itokee mwanzo wa tangazo, halafu ufunguo urudi baadaye. Ikisahaulika pleya inajaribu kufungua tangazo ambalo halijafungwa, inakufa. Kuna runinga za zamani zinazokataa kabisa kutoka kwenye kilichofungwa kwenda kwenye kilicho wazi, kwa hizo suluhisho ni kufunga matangazo pia. Kwa vifaa vya Apple kuna njia nyingine waliyoileta 2021, Interstitials, ambapo pleya inaweka kipindi pembeni, inacheza tangazo kama kitu kinachojitegemea, halafu inarudi, hii mipaka yote inapungua maumivu.

Ikiwa inafanya kazi kwenye app ya simu ila kwenye brauza inakufa palepale tangazo linapoanza, fungua konsoli ya brauza kabla ya kitu kingine. Ni CORS (kanuni ya brauza kuhusu seva za nje), seva ya segmenti za matangazo haijatoa ruhusa ya Access-Control-Allow-Origin, au segmenti zinatoka http wakati ukurasa ni https. Dakika tano imeisha.

Sauti ya tangazo inapasua masikio

Malalamiko ya kwanza ya watazamaji kila mahali ni haya. TV za Ulaya na wengi waliofuata mfumo wa DVB wanalenga LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) −23 kwa kiwango cha EBU R128, Marekani ni −24 kwa A/85, na wao waliiwekea mpaka sheria, CALM Act ya 2010 iliyoanza kutumika Desemba 13, 2012. Tangazo lililotengenezewa mitandao mara nyingi liko juu zaidi ya hapo, kwa hiyo ukilichomeka kati ya taarifa ya habari iliyo kwenye −23 mtoto aliyelala anaamka. Pima kwa `ffmpeg -i tangazo.mp4 -af ebur128 -f null -`, usome namba ya jumla mwishoni. Rekebisha wakati wa kutranskodi, kwa kila tangazo, bila kumwonea mteja aibu. Usijaribu kulitatua kwenye pleya kwa kushusha volumu, haiaminiki.

Kurudi kwenye kipindi: goli limepita, au tangazo limekatwa

Kwenye laivu tangazo linachukua nafasi ya kipindi, haliongezi muda. Kama jumla ya matangazo ni kubwa kuliko breki hata kwa nusu sekunde na seva hailikati, mtazamaji anasogea nyuma ya laivu kila breki, mpaka jirani anashangilia yeye bado anaona kona inapigwa. Angalia kama seva imewekwa kukata ziada au la.

Kinyume chake ni tangazo kukatwa katikati. Hapo linganisha muda ulioahidiwa kwenye ishara ya kutoka na muda halisi ishara ya kurudi ilipofika. Studio inaahidi 120 halafu mwamuzi anaanza kipindi cha pili, wanarudi kwa 95. Seva sahihi inatii ishara ya kurudi, inakata tangazo, mteja analalamika ila watazamaji wanaona mpira. Mi nasema hivo ndo inavyotakiwa iwe, na mkubaliane na mteja kabla. Kama seva yenu inashikilia zile 120 bila kujali, tafuteni auto_return: ikiwa imewashwa kwenye ishara, vifaa vingi vinarudi vyenyewe muda ukiisha, na ishara ya kurudi mapema inaweza isisikilizwe.

Tatizo lingine la kurudi linatokana na saa. EXT-X-PROGRAM-DATE-TIME ikiandikwa saa ya Afrika Mashariki lakini na herufi Z mwishoni, umeiambia dunia kwamba ni UTC, na breki inayopangwa kwa saa itakosea kwa masaa matatu kamili. Andika +03:00 au geuza kweli iwe UTC. Na enkoda zote mbili, ya kazi na ya akiba, zifuate NTP (seva ya saa) moja, la sivyo siku mkihamia ya akiba mipaka yote inahama.

Mtu wa Muscat anaona tangazo la Nairobi, au wote wanaona moja

Wote wakiona moja, shuku keshi. Segmenti zinatakiwa zikae kwenye keshi ya CDN, manifesti ya mtu binafsi haitakiwi kabisa. Unakuta mtu kaweka kanuni moja ya "m3u8 zote sekunde 5", au CDN inapuuza vigezo vya kwenye URL ambavyo ndo vinabeba namba ya sesheni. Matokeo yake wa kwanza kuomba anawaamulia wenzake wote. Jaribu kwa simu mbili, mitandao miwili tofauti, ulinganishe manifesti walizopata.

Ikiwa mahali ndo panakosewa, angalia seva ya maamuzi inapokea IP ya nani. Mara nyingi ni ya CDN, kwasababu X-Forwarded-For, heda inayobeba IP ya mtazamaji, haikupitishwa. Ikipitishwa vizuri bado kuna kikomo: mitandao ya simu inawaweka watu wengi nyuma ya IP moja, kwa hiyo mtu wa Lodwar anaweza kusomeka Nairobi na wa Songea akasomeka Dar. Usimuuzie mteja ulengaji wa wilaya kwa IP ya simu, ni kumdanganya. Nchi, sawa. Na IP pamoja na kitambulisho cha kifaa ni taarifa binafsi, Kenya wana sheria ya 2019 na Tanzania ya 2022, kwa hiyo msizipeleke kwa kila dalali anayeomba.

Skrini iko sawa, hesabu hazitimii

Bikoni zikitumwa na seva, zote zinatoka kwenye IP za kituo cha data, na vichujio vya udanganyifu vinazitupa kama roboti. Ndo maana VAST 4 ilileta heda za X-Device-IP na X-Device-User-Agent, hakikisheni zinatumwa na kwamba upande wa pili umewatambua nyie. Angalia pia bikoni ya kwanza inapigwa lini: manifesti ilipotolewa, au segmenti ya tangazo ilipoombwa? Ya kwanza inahesabu hata aliyefunga app kabla tangazo halijaanza.

Kulinganisha, chukua breki moja tu, weka pamoja logi za seva ya kuchomeka, za CDN kwa segmenti za tangazo hilo, na ripoti ya mteja. Kama mwanzo na mwisho wa tangazo vimepungua kwa kiwango kilekile upande wa mteja, ni kichujio au bikoni hazifiki. Kama mwanzo unalingana ila mwisho ndo umepungua, na CDN inaonyesha segmenti za mwisho hazikuombwa, basi watu kweli waliondoka au waliganda katikati, na hapo unarudi juu kwenye sehemu ya mipaka. Kama CDN inaonyesha segmenti za mwisho ziliombwa na bikoni ya complete haipo, angalia breki iliyorudi mapema: kuna seva zinazofuta bikoni zilizobaki pale ishara ya kurudi inapoingia, hata kwa tangazo ambalo lilikuwa limebakiza fremu chache liishe.